Kibarua chuoni: kusimamia mitihani, kunukuu mahojiano au kuongoza semina?

Mwanauzamili (mleta mada)
Habari zenu wadau. Nipo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili kwa njia ya tasnifu, na muhula ujao ningependa kupata kazi ya muda mfupi chuoni ambayo haitakula muda wa uandishi wangu. Zimetangazwa nafasi tatu: kusimamia mitihani ya mwisho wa muhula, kunukuu mahojiano ambayo mtafiti mmoja ameyarekodi (yaani kuyasikiliza na kuyachapa), na kuongoza semina za mwaka wa kwanza. Kwa viwango vilivyobandikwa, semina ndiyo inayolipa vizuri zaidi kwa saa na usimamizi unashika mkia. Ninaelekea kwenye semina, ila ningependa kuwasikia waliokwisha kuzifanya.

Mkufunzi Msaidizi
Ndugu mleta mada, kiwango hicho kisikudanganye, kwa sababu saa inayolipwa mara nyingi ni ile unayosimama mbele ya darasa tu. Kabla yake kuna kusoma matini na kuandaa maswali. Baada yake kuna wanafunzi wanaokusubiri mlangoni, na barua pepe zinazomiminika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Vyuo vingine huhesabu maandalizi ndani ya kiwango cha darasani, vingine huyalipa kando, na vingine hukaa kimya. Ukinyamaza nawe, umejitolea bure.

Ulizia usahihishaji pia, tena kwa maandishi. Ukilipwa kwa kila insha, insha za mwanzo utazisoma mara mbili mbili kwa kuwa hujauzoea mwongozo wa alama, na iliyoandikwa vibaya ndiyo itakayokuchelewesha zaidi, maana kila alama uliyokata inadai maelezo. Semina huanza kulipa unapopewa makundi mawili au matatu ya somo lile lile, kwani maandalizi ya kundi la kwanza yanatumika kwa yote. Kwa kundi moja, mimi nisingekubali.

Mnukuzi
Kwenye kunukuu, swali ni moja: unalipwa kwa saa ya kazi au kwa saa ya sauti? Saa moja ya mazungumzo yaliyosikika vizuri humchukua mtu wa kawaida saa nne hadi sita kuyachapa, na wakiwapo watu watatu wanaokatizana maneno karibu na feni, makadirio hayo hayafai kitu. Programu za kunukuu hupunguza kazi ya vidole, ila bado utasikiliza upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huwezi kuzitumia bila idhini ya mtafiti, kwa kuwa sauti za watu walioahidiwa usiri hazipakiwi popote pale. Faida yake ni kwamba unaifanya saa unayotaka. Usitarajie jina lako miongoni mwa waandishi wa makala. Anayenukuu kwa kawaida hutajwa kwenye shukrani.

Mlinzi wa Ukumbi
Naona usimamizi umedharauliwa, na hapo siafiki. Unafika mapema, unapanga karatasi mezani, unakagua vitambulisho, unamsindikiza anayekwenda msalani, na mwishoni unahesabu vijitabu vya majibu kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuinuka. Ukishakabidhi, huna deni na mtu: hakuna barua pepe wala kazi ya kwenda nayo chumbani. Usidhani tu kwamba utasoma tasnifu humo ndani, kwani kitabu na simu ni marufuku kwa msimamizi pia. Kasoro yake ni kwamba msimu ni mfupi, na wenye mitihani yao wenyewe hugongana na ratiba. Wewe wa tasnifu hilo halikuhusu.

Karani wa Malipo
Kwa wanaosoma ugenini, tazameni kwanza masharti ya viza. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki za kazi ya chuoni muhula ukiendelea; Uingereza, wengi wa ngazi ya shahada nao wana kikomo cha saa 20; Australia, tangu Julai 2023, ni saa 48 kwa kila wiki mbili, isipokuwa kwa walio kwenye uzamili wa utafiti na uzamivu. Saa za vibarua vyote hujumlishwa, hata kama kila idara inakulipa kivyake. Kwa wote: fomu ya saa iliyokosa saini ya msimamizi wako hadi siku ya kufunga malipo husubiri mwezi unaofuata.

Mwanauzamili (mleta mada)
Nimeuliza: semina ni kundi moja, na maandalizi hayalipwi. Nitaomba usimamizi, pamoja na kunukuu, kwa kuwa mtafiti amekubali kulipa kwa saa ya kazi. Anataka nianze wiki hii, mkataba utafuata. Je, ni sawa?

Karani wa Malipo
Hapana. Saa zilizofanywa kabla ya tarehe ya kuanza mkataba mara nyingi hukataliwa, na fungu la mradi likiisha hata yeye hataweza kukusaidia. Mwombe apeleke jina lako ofisini leo, nawe uanze kuanzia tarehe itakayoandikwa humo.