Naomba ushauri: nimekwama kwenye 333667
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbagala. Binti yangu wa kidato cha pili kaniletea 12345678987654321, namba inayosomeka vilevile mbele na nyuma. Kumbe ni 111111111 mara yenyewe! Jumla ya tarakimu zake ni 81, na kweli inagawanyika kwa 81. Nikaendelea ndani ya daladala, kalamu na karatasi ya vitumbua, nikapata 111111111 = 3 × 3 × 37 × 333667.

Hapo ndipo shida. Kuthibitisha 333667 ni namba tasa, nijaribu kuigawanya kwa namba tasa zote hadi 577 (kipeuo cha pili cha 333667 ni 577 na ushee), yaani namba 106. Nitazeeka. Kuna njia fupi, bila kompyuta?

Pia tarakimu 1 zikiwa kumi badala ya tisa, yaani 1111111111, kipeo chake cha pili ni 1234567900987654321, urembo umeharibika. Nimwelezeje mtoto?