Kichujio cha FIR kwenye bodi ya FPGA ya PYNQ-Z2: nimeomba II=1, ripoti inanipa 32

MawimbiDar: Wakuu, naombeni msaada. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni mpokezi wa Wi-Fi ya 802.11a, chaneli ya 20 MHz. Nimeandika kichujio cha FIR chenye koefisienti 64 (namba zinazozidishwa na sampuli 64 za karibuni, kisha mazao yanajumlishwa) kwa C++ kwenye Vitis HLS, inayogeuza kodi kuwa saketi. Simulesheni inatoa majibu sahihi, lakini nikiomba PIPELINE II=1, yaani ipokee sampuli mpya kila mpigo wa saa, ripoti inaniambia kila mipigo 32. Kwa saa ya 100 MHz hizo ni sampuli milioni 3 na kidogo kwa sekunde, na mimi nahitaji milioni 20. Namba zote ni za biti 16, moja tu kabla ya nukta: ap_fixed<16,1>. Sampuli zilizopita nimeshazigawa ziwe rejesta. Koefisienti ziko kwenye safu ya kawaida, nazijaza kutoka Python. Leo siku ya tatu nimekwama.

FundiSaketi: Tatizo ni hiyo safu ya koefisienti. Imewekwa kwenye BRAM, kumbukumbu ya ndani ya chipu, na BRAM ina milango miwili tu. Koefisienti 64 zikisomwa mbilimbili kila mpigo, ndiyo 32 yako. Weka ARRAY_PARTITION complete na hapo, igawanywe yote iwe rejesta.

MzeeWaBendi: Mdogo wangu, usikimbilie complete. Itakula vizidishi 64, na chipu yako ya Zynq-7020 ina DSP (vizidishi) 220 tu; bado hujaweka FFT (ya kutenganisha masafa) wala kisawazisha chaneli. Piga hesabu: saa 100, sampuli 20, kwa hiyo una mipigo 5 kwa kila sampuli. II=1 huihitaji kabisa! Gawa cyclic factor=8: benki 8, milango miwili kila moja, unasoma 16 kwa mpigo. Inatoka II=4 kwa vizidishi 16. Na kama koefisienti ni linganifu (ya kwanza sawa na ya mwisho, na kuendelea), jumlisha kwanza sampuli pachapacha ndipo uzidishe: zinabaki 32, factor=4 inatosha, vizidishi 8.

Halafu, jumla umeipa biti ngapi?

MawimbiDar: 16, mkuu, kama zingine.

MzeeWaBendi: Ndiyo maana nimeuliza. Zao la 16 kwa 16 ni biti 32. Ukijumlisha 64 unaongeza 6. Tumia ap_fixed<38,8>, ukate mwishoni. Ap_fixed isipoambiwa vinginevyo, ikifurika inazunguka: chanya kubwa inageuka hasi.

MawimbiDar: Nashukuru sana, mzee wangu. II=4, DSP 8. Na kweli, nilikuwa najaribu kwa ishara dhaifu tu. Nilipoipandisha kwenye ile kodi (programu) ya zamani, wimbi likapinduka kileleni.