Naomba ushauri: kuokoa mimea inayonasa wadudu

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, nimehamisha pamoja na udongo wake mimea ya jamii ya Drosera, ile yenye vinyweleo vya matone yanayonata, kutoka bonde la majimaji pembezoni mwa Dodoma ambako ujenzi umeanza. Sijaweka samadi wala mbolea, kwani haivumilii udongo wenye rutuba, na naisimamisha kwenye beseni la maji ya mvua, maana maji ya kisima hapa ni ya chumvi hata birika linaota utando mweupe. Hata hivyo, matone yamekauka na ncha za majani zinageuka nyeusi, ingawa mche mmoja umetoa kikonyo cha maua.

Akiba ya mvua inakaribia kuisha: je, maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanafaa? Na je, nikate majani niyalaze juu ya mchanga mbichi yachipue, au nisubiri mbegu?