Binti yangu amekosa C+ kwa alama moja: arudie kidato cha nne au aende KMTC, chuo cha tiba cha serikali?

MamaWaFreeArea, Nakuru

Hamjambo nyote. Ni refu kidogo, lakini naomba mnisomee hadi mwisho.

Kifungua mimba wangu alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka jana. Matokeo yalipotoka akawa na gredi ya C, alama 45 kati ya 84. Wanaoyajua haya mambo wanajua C+ inaanzia 46. Alama moja tu.

Baba yake anasema atarudia. Hasemi kwa ukali. Ameshazungumza na mkuu wa shule moja ya kutwa huku kwetu na ameanza kuweka karo kando. Anaona mtu aliyekosa chuo kikuu kwa alama moja ameteleza tu, hajaanguka, na mwaka mmoja utapita. Shemeji zangu wako upande wake. Watoto wao wawili wako Chuo Kikuu cha Egerton na hatuwezi kukutana hilo lisitajwe. Binti mwenyewe anataka uuguzi. Hilo neno analo tangu akiwa shule ya msingi, wakati shosho yake alipolala hapa nyumbani kwa miezi akiuguzwa na yeye ndiye aliyekuwa akimpa dawa. Amesikia KMTC inachukua hata wenye C. Baba yake akisikia KMTC anasema hiyo ni ya waliokosa.

Kinachonikosesha usingizi ni mtoto. Amejiondoa kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao. Majuzi tulikuwa na wageni, nikamtuma alete chapati, baba yake mdogo akamuuliza mbele ya watu wote, "Kwani wewe ulipata ngapi?" Akaweka sahani mezani, akajibu, "C, baba mdogo," akarudi jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Fomu za KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ziko wazi sasa na hatujajaza chochote. Je, arudie? Tuombe karatasi zisahihishwe upya tutafute hiyo alama? Na nitazungumzaje na mzee bila kuleta vita nyumbani? Ninauza viazi soko la Wakulima, mambo ya klasta, zile alama za kupangia kozi, siyajui vizuri. Nisaidieni.

JiraniWaLanet

Pole sana mama. Mimi nasema arudie. Nilipata C- mara ya kwanza, nikarudi, nikatoka na B-, na leo ni mhasibu. Alama moja inauma maisha yote. Ila huyo baba mdogo aambiwe, mtoto haulizwi alama mbele ya wageni.

MwalimuWaKakamega

Dada, kabla hatujakushauri lolote, tuandikie gredi ya kila somo. Kwa kozi za afya, gredi ya jumla haitoshi kumwingiza mtu wala kumzuia.

MamaWaFreeArea

Asante mwalimu. Ninayo karatasi hapa. Hisabati D+, Kiingereza C+, Kiswahili B-, Biolojia C+, Kemia C-, Historia C, CRE (dini ya Kikristo) B-, Kilimo C-. Fizikia hakufanya.

MwalimuWaKakamega

Sasa tunaweza kuzungumza. Chukua kalamu tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii utaihitaji ukikaa na mzee.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla inatoka kwenye masomo saba: Hisabati ni lazima, kisha lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, kisha masomo matano bora katika yale yaliyobaki. A ni alama 12, unashuka hadi E ambayo ni 1. Binti yako ana Hisabati 4 na Kiswahili 8. Kwenye matano bora kuna CRE 8, Kiingereza 7, Biolojia 7, Historia 6, na 5 ya Kemia au Kilimo, maana zinalingana. Jumla 45. Karatasi haikudanganya.

Nyumbani kwenu kila mtu anaililia hiyo alama moja. Tuseme imepatikana leo, awe na C+. Digrii ya uuguzi bado hataipata. Digrii hiyo inataka C+ ya jumla, na pia C+ kwenye Biolojia, C+ kwenye Kemia, C+ kwenye Hisabati au Fizikia, na C+ kwenye Kiingereza au Kiswahili. Biolojia anayo, lugha anayo. Kemia ana C-, Hisabati ana D+. Kwa hiyo akirudia kwa ajili ya digrii ya uuguzi, kazi iliyo mbele yake ni kuitoa Kemia kwenye 5 hadi 7 na Hisabati kwenye 4 hadi 7, ndani ya mwaka mmoja, huku akifanya upya na masomo aliyofaulu. Wapo wanaoweza. Nimewafundisha. Lakini wengi wao walikuwa na sababu inayojulikana: aliugua muhula wa mwisho, alifukuzwa karo akakosa masomo, alifiwa. Mama, muulize binti yako Hisabati ilikuwaje tangu kidato cha pili. Kama imekuwa ikicheza D na D+ miaka yote, mwaka mmoja zaidi katika darasa jipya si jibu.

C+ ingemfungulia digrii nyingine, hilo ni kweli na mzee ana haki ya kulisema. Swali ni kama mtoto anazitaka.

Tuje kwenye diploma ya uuguzi KMTC. Inataka C ya jumla, C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, na C- kwenye Kemia, Fizikia au Hisabati. Zipitie moja moja: anazo zote. Ile C- ya Kemia mnayoinunia ndiyo inayombeba hapa.

Lakini kutimiza masharti hakumaanishi amepata nafasi. Uuguzi unaombwa na wengi, na KUCCPS wanapanga majina kwa uzito wa alama. Kwa hiyo ajaze uuguzi juu kabisa, halafu nafasi zinazobaki asiziache wazi. Kuna lishe, kuna afya ya jamii, kuna kumbukumbu za hospitali. Asome masharti ya kila moja kabla ya kuichagua.

Kuhusu kusahihishwa upya: ombi hupitia kwa mkuu wa shule kwenda KNEC, baraza la mitihani, na muda wake ni mfupi. Fanyeni hivyo kama kuna somo ambalo gredi yake imewashangaza hata walimu wake. Kama hakuna, ni pesa na wiki nyingi za kumweka mtoto roho juu.

NesiWaKondele, Kisumu

Nimesoma hilo la "ya waliokosa" nikaona nisipite.

Mama, mimi niliingia uuguzi kwa diploma ya KMTC. Wauguzi wengi unaowakuta wodini katika hospitali za kaunti walianzia hapo. Ni miaka 3, na si mchezo. Asubuhi uko darasani, kipindi kingine uko wodini umesimama na mgonjwa anayekutazama wewe, hamtazami aliyekupa C. Ukimaliza unafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ndipo upate leseni. Mtihani huo haukuulizi ulipata nini kidato cha nne. Baadaye unaweza kuendelea hadi digrii ukiwa tayari unashika mshahara, na wenzangu kadhaa wamefanya hivyo.

Sitakuficha upande wa pili. Kazi haziji siku ya kufuzu. Kaunti huajiri kwa vipindi, wengi huanza kwa mikataba au hospitali za binafsi zenye malipo madogo. Ajue hilo akiingia.

Na ninakuomba sana, kuna watu wanaozunguka msimu huu wakisema wana "nafasi ya KMTC" wanauza. Hakuna nafasi inayouzwa. Maombi ni kupitia KUCCPS, basi. Halafu kama mtafikiria chuo cha binafsi, kabla ya kulipa hata shilingi hakikisheni kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi kufundisha kozi hiyo. Binamu yangu alisoma mahali hadi mwisho ndipo akagundua hawezi kufanya mtihani wa Baraza. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

FundiWaUmeme

Mimi naongea kama mtoto aliyerudishwa shule bila kuulizwa.

Nilipata C. Mzee akaamua, mama akanyamaza, sare mpya ikanunuliwa. Nilikaa darasa moja na wadogo wa rafiki zangu. Sikuwa mvivu, lakini mwaka mzima nilikuwa nasomea kuwafurahisha watu wa kwetu, na nikipata jibu baya hata la zoezi dogo nilikuwa natetemeka. Nikapata C tena. Sasa niko chuo cha Sigalagala, diploma ya umeme, na ninaipenda kazi hii kwa moyo wote.

JiraniWaLanet, wewe ulirudi kwa kupenda na nadhani ndiyo sababu ulifaulu. Mama, mtoto wako anajadiliwa na watu wazima hapo nyumbani kama hayupo. Hakuna aliyemwambia pole. Hizo alama 45 alizitafuta yeye. Kaa naye jikoni mkiwa wawili tu, usimpe ushauri, muulize tu siku ya matokeo alijisikiaje, halafu umwache aongee. Na ukiona hali inazidi, hali chakula, halali, au anasema maneno ya kukata tamaa, usingoje. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure na hata mzazi anaweza kupiga. Mwalimu aliyempenda shuleni pia anaweza kumsaidia.

BabaTaabu, Bungoma

Kuhusu mzee. Mimi ni baba na ninamwelewa. Mwanamume akianza kuweka karo kando, hiyo ni namna yake ya kusema anampenda mtoto. Usiende kwake na maneno ya "watu wamesema." Nenda na ile karatasi ya matokeo na kalamu, mwambie akusaidie kuhesabu. Aone mwenyewe Kemia na Hisabati zinatakiwa zifike wapi.

Na hizo pesa alizotenga zisiguswe. Barua ya KMTC ikija kuna karo, malazi, sare, vitabu, na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, hauingii siku ya kwanza. Wanafunzi wa KMTC wanaruhusiwa kuuomba, lakini anza mapema. Ulizia pia basari ya kaunti na ile ya NG-CDF katika ofisi ya eneo bunge lenu, na ubakie na nakala ya kila karatasi unayopeleka.

JiraniWaLanet

Ni kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kurudi shule. Na sikuwa natafuta kozi inayotaka Kemia. Mwalimu, hesabu hiyo nimeielewa leo.

MamaWaFreeArea

Nimerudi. Mungu awabariki nyote.

Nilianza na binti, kama FundiWaUmeme alivyosema. Tulikuwa tunamenya viazi. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniambia kilichomuuma zaidi si C. Siku ya matokeo kila aliyepiga simu aliongea na mimi au na baba yake, hakuna aliyeomba kuongea naye. Kuhusu Hisabati akaniambia hajawahi kuvuka D+ hata mara moja tangu kidato cha pili.

Jana baada ya chakula nikampa mzee karatasi na kalamu. Alihesabu mwenyewe, akapata 45. Nikamsomea masharti ya digrii ya uuguzi akawa anaweka alama kando ya kila somo. Alipofika Hisabati akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Na mwenyewe anasemaje?" Nikamwita. Akasimama mlangoni akasema anataka uuguzi, na asipoupata mwaka huu atachukua lishe, lakini darasani harudi. Alisema kwa adabu ila alisema yote.

Mzee hajakubali moja kwa moja. Ile nafasi ya shule ya kutwa hajaifuta. Amesema ajaze fomu, tungoje KUCCPS waseme, na karo aliyoweka ni ya mtoto popote atakapokwenda. Kwangu hilo ni kubwa. Baba mdogo nimempigia mimi mwenyewe, na ameahidi kuja kuongea na binti.

Sasa tumekwama. Tumeingiza namba yake ya mtihani na mwaka, tovuti inakataa neno la siri. Na yeye anataka ajaze kampasi ya Nakuru peke yake ili alale nyumbani.

MwalimuWaKakamega

Mara ya kwanza neno la siri ni namba ya cheti cha kuzaliwa au namba yake ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ile iliyotumika kumsajili kwa KCSE. Jaribuni zote mbili. Zikikataa, nendeni shule aliyofanyia mtihani waangalie walisajili ipi, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pale haifunguki. Ikifunguka abadilishe neno la siri palepale na alijue yeye, asimwachie mtu wa saiba. Kila msimu kuna watoto wanaokuta chaguo zao zimebadilishwa.

Nakuru peke yake, hapana. Kampasi za mjini zinaombwa na watu wengi mno. Aweke Nakuru, halafu aweke na Kakamega, Bungoma au Busia. Akija huku kwetu, mwambie kuna mwalimu atakayemtafutia chumba karibu na lango.