Naomba ushauri: nifundisheje kuhusu Bismarck na bima za wafanyakazi?

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaandaa somo la historia kwa wanafunzi wa kidato cha sita, nami nimekwama penye kiini chenyewe cha mada: kwa nini Otto von Bismarck, kansela (kiongozi wa serikali) wa Ujerumani na mhafidhina aliyewabana wasoshalisti kwa sheria ya mwaka 1878, ndiye aliyewapa wafanyakazi wa Ujerumani bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali mwaka 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu mwaka 1889?

Jibu jepesi, kwamba alitaka kuwanyang'anya wasoshalisti wafuasi wao, lina ukweli lakini halinitoshi. Mfanyakazi aliyeugua alilipwa nusu ya ujira kwa muda usiozidi majuma 13, na kwa ajili ya pensheni alibandikiwa stempu kwenye kadi yake kwa kila juma alilofanya kazi. Kwa mtu ambaye awali angetegemea sadaka, kadi ile ilikuwa haki iliyoandikwa. Hata hivyo, pensheni ya uzee ilianza kwenye umri wa miaka 70, ambao wengi hawakuufikia. Tena mwaka 1890 wasoshalisti walipata kura zaidi ya milioni 1.4, kwa hiyo lengo la kisiasa halikutimia.

Naomba mnishauri: nianze na hofu ya mtawala, au na ile kadi mkononi mwa mfanyakazi? Na ile desturi ya Prussia, ufalme uliokuwa na nguvu kuliko madola mengine ya Ujerumani, ya kumwona mfalme kuwa mlezi wa wanyonge, niipe uzito gani?