Mimba ya kwanza, wiki ya 36: nimeambiwa mtoto ni mkubwa na hofu imenishika

Mwalimu wa Igoma aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27, ninaishi Igoma hapa Mwanza, na ninatarajia mtoto wangu wa kwanza. Kwa hesabu ya kliniki nimeingia wiki ya 36. Juma lililopita muuguzi alinipima tumbo kwa utepe akapata sentimita 39, akakunja uso, kisha akanituma nikapime altrasaundi kwenye kituo cha binafsi. Aliyenipima huko alisema, huku akiandika wala asinitazame, kwamba mtoto ana kilo 3.4 na kwamba akifikisha miezi tisa atakuwa bonge la mtoto. Hakueleza zaidi. Nilitoka na karatasi mkononi, nikakaa kituoni mpaka daladala tatu zikanipita.

Kimo changu ni sentimita 152, na mume wangu, ambaye anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ni mrefu wa kuinama mlangoni. Tangu karatasi hiyo iingie nyumbani, kila mtu amekuwa tabibu. Mama mkwe ameniagiza niache vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa anaamini ndivyo vinavyomnenepesha mtoto, na nile ugali mara moja tu kwa siku. Jirani ameniletea mizizi ya kuchemsha ambayo, kwa maneno yake, italegeza nyonga na kumteremsha mtoto upesi. Mama yangu mzazi yuko kisiwani Ukerewe, katika kijiji kilicho mbali kidogo na Nansio, na kwetu binti huenda kujifungulia kwa mama yake mimba ya kwanza, kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuvuka wiki mbili zijazo.

Naomba kujua: kipimo kile kinaaminika kwa kiasi gani, je, mwanamke mfupi kama mimi anaweza kujifungua mtoto wa namna hiyo kwa njia ya kawaida, na je, niombe upasuaji mapema kabla uchungu haujaanza? Ninaogopa kupasuliwa, lakini ninaogopa zaidi mtoto kukwama.

Ng'wana Sengerema alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Mwaka 2019 karatasi yangu ilisema kilo 4.2 nikiwa wiki ya 39, ndugu wakaanza kuchangishana fedha za upasuaji, nami nikavuka kwa kivuko mapema ili nikae karibu na hospitali, maana wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado. Nilijifungua kwa njia ya kawaida mtoto wa kilo 3.7. Mimba iliyofuata hakuna aliyenitisha, na aliyetoka alikuwa na kilo 4.3. Huyo wa pili alinichana nikashonwa, na sitakudanganya kwamba haikuuma, ila nilichojifunza ni kwamba yule niliyeogopeshwa hakuwa mkubwa, na yule mkubwa hakuna aliyemwona akija.

Mkunga Mstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimezalisha kwa miaka 31 katika mkoa huu, na naomba unisome taratibu kwa sababu maswali yako yamefungamana.

Altrasaundi haina mizani. Mashine hupima kichwa, mzunguko wa tumbo na mfupa wa paja la mtoto, kisha hukadiria uzito kwa hesabu, na karibu na mwisho wa ujauzito makadirio hayo huweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo kilo zako 3.4 maana yake mtoto yuko mahali fulani kati ya kilo 2.9 na 3.9. Huyo aliyekwambia "bonge" alipaswa kukueleza hilo kabla hujainuka kitandani.

Jambo la pili ni tarehe. Hukusema ulianza kliniki lini wala kama ulipata altrasaundi kabla ya wiki ya 24, ambayo ndiyo hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi. Kama hesabu yako inategemea kumbukumbu ya hedhi peke yake, na kama ulikosea kwa wiki mbili, basi wewe una wiki ya 38 na mtoto wako ni wa kawaida kabisa. Hata utepe kuonyesha sentimita 39 kunaweza kutokana na hilo, au maji mengi ya uzazi, au uvimbe kwenye kizazi, na si lazima mtoto awe mkubwa.

Wauguzi huanza kumwita mtoto mkubwa anapofika kilo 4, na wengine hungoja kilo 4.5. Watoto wengi wa kwetu huzaliwa wakiwa na kilo 3 na ushei, na uzao wa kwanza kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wanaomfuata. Kuhusu kimo chako, kadi ya kliniki humwekea alama mwanamke aliye chini ya sentimita 150, nawe umeupita mstari huo, ingawa hata walio chini yake wengi hujifungua vizuri. Hakuna utepe unaopima nyonga na kutoa hukumu. Viungo vya nyonga hulegea mwishoni mwa ujauzito bila mizizi ya mtu yeyote, mifupa ya kichwa cha mtoto hupandana kidogo ili apite, na uchungu wenyewe ndio kipimo cha kweli. Ndiyo maana mkunga huchora maendeleo yako kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu: mlango wa kizazi ukishafikia sentimita 5, tunatarajia kwa mimba ya kwanza uchungu usiendelee zaidi ya saa 12 hivi kabla haujafunguka wote, na kama njia haifunguki au kichwa hakishuki, upasuaji huamuliwa hapo, kwa sababu inayoonekana.

Mimi ningekuuliza kwanza mtoto amelalaje kabla ya kuuliza ana kilo ngapi. Wasukuma wana jina Kashinje kwa mtoto aliyetanguliza miguu, na bibi zetu hawakumpa mtoto jina kwa jambo dogo. Mwulize muuguzi kama kichwa kiko chini.

Sasa hilo la kukwama, ambalo ndilo linalokunyima usingizi. Kuna hali ambapo kichwa hutoka na bega likazuiwa na mfupa wa mbele wa nyonga. Hutokea kwa kadiri ya uzazi mmoja katika mia, na uwezekano huongezeka kadiri mtoto anavyokuwa mkubwa, lakini karibu nusu ya matukio hayo huwapata watoto walio chini ya kilo 4, kwa hiyo hakuna karatasi inayoweza kukuhakikishia upande wowote. Mkunga aliyefunzwa huita wenzake, hukukunja magoti kuelekea kifuani, na mwenzake hukandamiza juu kidogo ya kinena, na mara nyingi bega huachia kwa hatua hizo mbili. Kinachodhuru ni kumvuta mtoto kwa nguvu au kusukuma tumbo kutoka juu. Ndiyo sababu mahali unapojifungulia pana uzito kuliko kilo za mtoto.

Upasuaji wa mapema kwa kilo 3.4 za kukadiria nisingekushauri. Hata Marekani, ambako vyumba vya upasuaji si haba, madaktari bingwa wa uzazi huanza kuufikiria mtoto anapokadiriwa kilo 5, au kilo 4.5 kwa mama mwenye kisukari. Kovu la kizazi utalibeba katika kila mimba utakayopata baadaye, na wewe ndiyo kwanza unaanza.

Kuhusu nyumbani: vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma na asidi ya foliki, na havinenepeshi mtoto. Kama kweli mtoto ni mkubwa, kizazi kilichotanuka sana huchelewa kujikaza baada ya uzazi na mama hutoka damu nyingi zaidi, kwa hiyo wewe ndiye unayevihitaji kuliko mwingine. Mizizi irudishe kwa heshima. Nimewahi kumpokea mama aliyekunywa dawa ya namna hiyo, uchungu ukaja mfululizo bila kupumzika, na kizazi kikachanika. Yeye tulimwokoa.

Hujasema lolote kuhusu sukari. Je, umepimwa?

Mama Neema wa Nyasaka alijibu:

Nashukuru mkunga ameishia hapo, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokosea. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.6, na kumbe nilikuwa na kisukari cha ujauzito bila kujua. Sikuitambua dalili yoyote. Kiu niliihesabu kuwa ni jua la Mwanza, na kukojoa mara kwa mara niliambiwa ni kawaida ya mimba. Nilikuwa nikinywa soda mbili kila siku, na jioni juisi ya miwa kwa sababu ilinituliza kichefuchefu. Mtoto alipozaliwa sukari yake ilishuka ghafla, maana tumboni alizoea kupokea sukari nyingi kutoka kwangu na mwili wake uliendelea kuiteketeza wakati chanzo kimekatika. Alilazwa siku nne.

Katika mimba ya pili nilipimwa mapema, tena kati ya wiki ya 24 na ya 28, ambapo hupimwa kabla ya kula, kisha hunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kiwango changu cha kabla ya kula kilikuwa milimoli 5.6 kwa lita, nami niliambiwa kwamba kuanzia 5.1 huhesabiwa kuwa ni kisukari cha ujauzito. Sikupewa dawa. Niliacha soda na sukari ya kwenye uji, nikapunguza tonge la ugali na viazi vitamu, nikala sato, maharage na mboga za majani hadi kushiba, na nikawa natembea kila jioni baada ya chakula. Mtoto huyo alikuwa na kilo 3.6. Dada, tafadhali usijinyime chakula kama mama mkwe anavyotaka; kula mara moja kwa siku hakupunguzi mtoto bali kunakumaliza wewe. Punguza vitu vitamu, na mlo uwe mdogo mdogo mara kadhaa.

Mwalimu wa Igoma alijibu:

Ahsanteni sana. Nilianza kliniki mwezi wa tano wa ujauzito, sikuwahi kupimwa altrasaundi kabla ya hii, na tarehe ya hedhi niliitaja kwa kukisia kwa sababu ilikuwa wakati wa kusahihisha mitihani. Sukari ilipimwa kwenye mkojo tu, mara moja. Kesho nitakwenda bila kunywa chai niombe kipimo cha damu. Lakini bado sijui nimwambie nini mama yangu kuhusu safari ya Ukerewe, kwa kuwa ameshanunua hadi kanga za mtoto.

Baba Wawili alijibu:

Shemeji, niruhusu niseme kama mwanamume aliyewahi kuamshwa saa nane usiku. Mke wangu alipata uchungu tukiwa kisiwani, ziwa limechafuka, na mwenye mtumbwi alikataa kung'oa nanga mpaka kupambazuke. Alikuwa na haki, lakini yale masaa sitayasahau. Nansio kuna hospitali ya wilaya, sikatai, ila kijiji si Nansio, na ikitokea upewe rufaa ya kuja Mwanza, meli huchukua muda wa saa tatu hivi na haiondoki kwa sababu wewe una uchungu. Ukiwa Igoma una hospitali za Sekou Toure na Bugando upande huu huu wa maji. Mwombe mama avuke yeye na kanga zake.

Jambo lingine, mume wako aandike namba 115 kwenye simu yake. Ni namba ya bure ya mfumo wa M-mama unaotafuta usafiri kwa mjamzito, mzazi au kichanga aliyepata dharura. Pia ajue kundi lako la damu na atafute ndugu wawili walio tayari kuchangia.

Mkunga Mstaafu alijibu:

Baba Wawili amesema ninalolisema mimi. Naongeza kwamba usisubiri uchungu ukiona damu, maji yakivunjika, kichwa kikikuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza. Na ukifikisha wiki 41 bila uchungu, urudi hospitali wakueleze habari ya kuanzishiwa uchungu.

Mwalimu wa Igoma alijibu:

Narudi kutoa majibu. Sukari kabla ya kula ilikuwa 4.4, na baada ya saa mbili ilikuwa 6.9, zote za kawaida. Kichwa cha mtoto kiko chini. Daktari alipitia tarehe zangu akasema kwamba kwa urefu wa mfupa wa paja anadhani nimeshapita wiki ya 37, na kwamba haoni sababu ya upasuaji wa kupangwa, ila nijifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, jambo ambalo nilikuwa nimeshaliamua. Mama yangu amekubali kuja kwa meli ya Jumamosi. Mama mkwe ndiye ambaye bado hajaridhika. Anasema daktari ni kijana mdogo.

Mkunga Mstaafu alijibu:

Kliniki ijayo nenda naye mwanangu, na umwombe yeye ndiye aulize maswali.