Meli isiyo na baharia: nani atathibitisha kwamba ni salama?

Mwanzisha mada:
Wadau, Norwei wana meli ya kontena ya umeme mtupu, Yara Birkeland, urefu mita 80, inabeba kontena 120. Tangu 2022 inasafirisha mbolea kutoka kiwanda cha Herøya hadi bandari ya Brevik. Ilianza kazi na mabaharia ndani, lakini lengo tangu mwanzo ni ijiendeshe, watu waifuatilie kutoka kituo cha nchi kavu. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya usafiri wa baharini, nao wanaandaa kanuni za meli za namna hii: zianze kwa hiari, na mpango ni ziwe za lazima 2032.

Nimekaa chumba cha injini miaka kumi na moja. Na macho ya kompyuta sina ugomvi. Rada haisinzii zamu ya alfajiri. Hofu yangu iko kule chini, kwenye injini. Usiku mmoja kijana wa zamu alinusa dizeli mahali isipopaswa kunukia. Kengele ilikuwa kimya. Tukakuta nati ya paipu imelegea, mafuta yanachirizika karibu na eksozi. Tukakaza kwa spana, tukarudi kwenye chai yetu. Meli tupu ananusa nani? Mimi nasema zibaki kwenye njia fupi za pwani kwanza.

Msoma Ramani:
Mkuu, unawasifu binadamu mno. Dali, ile meli ya kontena iliyogonga daraja la Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024, ilikuwa na watu zaidi ya 20 ndani. Umeme ulikatika mara mbili, daraja likaporomoka, mafundi sita wa barabara wakafa. Wachunguzi walikuta nini? Waya mmoja haukuingia sawasawa kwenye kishikizo chake kwa sababu lebo yake ilikaa vibaya. Pua zote zile zilikuwepo!

Mwanzisha mada:
Malizia basi hadithi. Marubani, wale wanaoongoza meli bandarini, waliomba msaada kwa redio, polisi wakazuia magari yasiingie darajani. Wenye magari hayo waliokolewa na mtu aliyejua meli imemshinda, akasema mapema. Mashine inayojiamini itasema saa ngapi?

Msoma Ramani:
Hilo linapimika. Kata umeme kwa makusudi mara mia kabla ya kuipa cheti, uone inatoa taarifa baada ya sekunde ngapi. Mabaharia hatuwapimi hivyo.

Mvuvi:
Mnagombania waya. Mimi navua kwa ngalawa ya mbao, taa yangu tochi ya kichwani. Kwenye rada sijui kama naonekana hata kama kunguru. Tuseme nimepinduka usiku. Sheria inamtaka nahodha aliye karibu anisaidie. Hiyo meli tupu, kamba atanitupia nani?

Mwanzisha mada:
Aise. Hilo sikuliwaza.

Msoma Ramani:
Itakuona kwa kamera ya joto, itasimama, itaita kituo cha uokoaji. Boya la kujijaza upepo linaweza kurushwa na mtambo. Na tusidanganyane, meli zenye watu nazo hupita bila kugeuka.

Mvuvi:
Hupita, najua. Ila nimepandisha watu wawili maishani mwangu. Boya walikuwa nalo wote wawili. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, hawakuweza kushika kitu, ikabidi tuwakamate kwapani.

Msoma Ramani:
Kwa hilo sina jibu, mzee wangu.